Nyoka Aliyeshuka Ngazi Yetu

21 Julai

Phansa, mfungo wetu wa masika, imeingia leo. Watawa hawatalala nje ya hekalu mpaka Oktoba, wanaume wameapa kuacha pombe, na hakuna atakayeoa wala kuolewa mpaka ipite. Miezi mitatu ya kutazamana mvuani.

Daftari la marehemu mama limejaa, kwa hiyo naanza hili. Kanuni zake ni zile zile: andika ndoto, andika tafsiri, acha nafasi ya yaliyotokea. Usilidanganye daftari. Na ndoto yako mwenyewe usiitafsiri, maana mganga hajigangi. Mimi nitaongeza na ya moyoni mwangu humu humu, kwa kuwa sina pengine pa kuyasemea. Mwanamke anayetafsiri ndoto za kijiji kizima hana wa kumsimulia zake.

Mteja wa kwanza wa Phansa ni Phikun, yule fundi cherehani aliyerudi kutoka Bangkok mwezi wa tano. Aliketi kibandani kwangu, akaagiza papai bichi la kuponda, pilipili tano.

"Dada Lamduan, nimeota nyoka."

"Mkubwa?"

"Kadogo, kijani. Kapo kwenye tuta la shamba la mpunga, kananitazama tu."

"Hakakukusogelea?"

"Wapi! Kama kana aibu vile."

Nikaacha mchi ndani ya kinu. "Basi jiandae, mdogo wangu. Nyoka kwa msichana ni mwenza wake anakuja. Huyo yuko karibu, mtu wa hapa hapa, ila hana ujasiri."

Akacheka mpaka akapaliwa. Kicheko chake kinafika hekaluni. Miguu ya korongo, nywele kazikata kama mwanajeshi, lakini wanaume wote waliokuwa wakila waligeuka kumtazama, na mume wangu Khamsing pia. Asiyegeuka ni Bunthan peke yake, binamu yake Khamsing, fundi wa trekta za mkono. Huyo ni mgane mwaka wa sita sasa, na akila huinamia bakuli kama anahesabu punje za wali.

24 Julai

Mvua. Tumepandikiza mpunga mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

3 Agosti

Jirani yangu Nang Thip alikuja kuomba chumvi. Chumvi anayo.

"Shoga, mimi simo," akaanza. Thip akisema hayumo, ujue yumo mpaka shingoni. "Nimemwona mzee wako kwa Phikun. Mchana kweupe, kabeba matopetope kwenye kikapu. Kaoga, kachana nywele. Lakini mimi simo."

Khamsing aliporudi nilimuuliza alikokuwa.

"Kwa fundi. Kifungo cha shati kilikatika."

"Na mimi sina sindano?"

"Una kazi nyingi, mama."

Miaka ishirini na miwili nimemshonea vifungo. Nimemshonea nikiwa na mimba, nikiwa na homa, na siku tuliyomzika mama. Leo ndiyo ameona nina kazi nyingi.

5 Agosti

Nimekichunguza kile kifungo. Uzi umepita msalaba, umekazwa vizuri, nyuma hakuna fundo linaloonekana. Mimi hupitisha mistari miwili tu. Nimekikata kwa kisu cha papai nikakishona upya kwa mkono wangu.

9 Agosti

Kifungo kingine kimekatika. Shati lingine.

11 Agosti

Phikun amekuja tena, na ndoto tena.

"Sasa ni mweusi, dada, ana pete za manjano. Kaja mpaka kwenye cherehani, akajiviringisha kwenye kifundo cha mguu. Sikuogopa."

"Alitokea wapi?"

Akafikiri. "Upande wa kwenu huku."

Nilihisi pilipili zimenipanda kichwani bila kuzila. Nikamwambia mwenza wake ameshafika mlangoni, nikampa papai lake, nikaomba aondoke haraka.

Ndoto: nyoka mweusi wa pete za manjano, kutoka upande wetu. Tafsiri: posa yake inapitia nyumbani kwetu. Nimeiandika hivyo kwa sababu ndivyo mama alivyonifundisha, na kila nikiisoma roho inaniruka. Nyumbani kwetu kuna mwanamume mmoja tu.

17 Agosti

Kifungo cha tatu. Mwanamume huyu anapukutisha vifungo kama mti wa kiangazi, na sisi tuko katikati ya masika.

22 Agosti

Nimekusanya uyoga. Phikun alipita na baiskeli, akanipungia mkono. Gauni jipya.

30 Agosti

Nimeota mimi.

Nyoka mkubwa, mweusi, pete za manjano, alishuka ngazi ya nyumba yetu taratibu kama mtu anayeijua. Akapita mtungi wa maji ya mvua, akapita ng'ombe, akakata njia mpaka kwa Phikun, akaanza kupanda ngazi ya kule. Mdomoni alikuwa amebeba kifungo cha shati. Nikaita, "Khamsing!" Hakugeuka.

Ndoto mbaya husimuliwa maji kabla ya kuwasimulia watu. Kulipopambazuka nilifunua mtungi, nikayainamia maji nikayaambia yote, na kile kifungo na lile jina nililoita, kisha nikateka kata moja nikamwaga chini. Khamsing alikuwa uvunguni mwa nyumba anafungua ng'ombe. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakusikia.

Tafsiri sijaandika.

31 Agosti

Nimeandika. Anaondoka.

Naijua kanuni. Lakini ningempelekea nani? Thip?

6 Septemba

Amevaa lile shati la bluu. Amejipaka poda shingoni. Amerudi ananuka uzi mpya na matopetope, akala vizuri, akanisifia samaki. Mwanamume akisifia samaki wa kila siku ujue ana lake jambo.

12 Septemba

Nimefanya jambo.

Phikun alikuja saa tatu asubuhi, kibanda kikiwa kitupu. Hakuagiza chochote. Akanishika mkono.

"Dada, safari hii amenizunguka mpaka kifuani. Amenibana, lakini siumii. Halafu kaning'ata kidole, hiki hapa. Nikaamka natabasamu mwenyewe kama chizi." Akashusha sauti. "Kuna mtu ameleta neno. Siwezi kumtaja, nimeapishwa mpaka Phansa iishe. Ni mtu mzima kidogo, ana yaliyompitia. Mama ameniachia niamue. Wewe niambie tu, niseme ndiyo?"

Mtu mzima, ana yaliyompitia, na kaapisha watu wasimtaje. Nilimtazama kile kidole, na nikaona vidole vile vikishika shati la mume wangu.

"Huyo anakubana ili akumeze," nikasema. Sauti yangu ilitoka tulivu, kama ya mama alipokuwa akitafsiri. "Meno yake yana sumu. Mtu huyo ana ngozi aliyoivua nyumba nyingine. Ukimkubali, mwaka hautaisha utakuwa unalia. Mkatae."

"Kweli, dada?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Akasimama, akanishukuru. Alinishukuru, akaondoka na baiskeli anaikokota bila kuipanda.

Ndoto: nyoka amemzunguka, amembana bila maumivu, amemng'ata kidole. Tafsiri niliyosema: mkatae. Tafsiri ya kweli: anakupenda, na kung'atwa ni kutimia. Mkubali.

Nimeandika zote mbili kwa sababu daftari halidanganywi. Mtu hudanganywa.

20 Septemba

Khamsing ametoka na shati lisilo na kifungo na amerudi nalo vile vile. Amelitupa kwenye kapu.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

Nimekishona mimi, kwa uzi mzuri, huku naimba. Nimemkaangia vyura anaowapenda. Amekula wawili.

28 Septemba

Mto umefurika mpaka kwenye mianzi. Khamsing anashinda nyumbani. Anakaa kwenye ngazi anatazama mvua, na akizungumza anazungumza na ng'ombe. Nilimtaka nyumbani, nimempata. Sijui kwa nini naona kama nimerudishiwa shati bila mtu ndani yake.

Kicheko cha Phikun hakisikiki tena. Thip anasema cherehani imefunikwa kitambaa.

8 Oktoba

Daftari limerudi leo, kwa hiyo naandika ya juzi.

Juzi saa sita mchana Bunthan alikuja kibandani na begi. Mtu ambaye miaka yote anakula pilipili moja aliagiza kumi.

"Utakufa," nikamwambia.

"Weka tu, dada. Naenda Rayong. Basi la saa nane."

"Kufanya nini? Na trekta za watu nani atatengeneza, na msimu wa kuvuna unakuja?"

"Vyuma havikosi fundi."

Akala. Machozi yakaanza kumtiririka. Mwanamume mzima, mikono imejaa grisi, analia juu ya papai.

"Pilipili, dada," akasema.

"Bunthan."

"Pilipili tu." Kisha akaweka kijiko chini. "Basi nitasema, kwa vile naondoka. Nilitaka kumuoa Phikun. Nilimtuma kaka Khamsing aniposee. Phansa yote kaenda na kurudi, anapeleka maneno yangu na matopetope yangu. Alikuwa anakata vifungo vyake mwenyewe kwa kisu ili apate kisingizio. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata wewe. Hasa wewe. Samahani, dada, lakini kibanda chako ni redio. Ningekataliwa, kijiji kizima kingejua kabla sijafika nyumbani."

Nilikuwa nimesimama na mchi mkononi. Nikasikia mdomo wangu unauliza, "Kwa nini umtume yeye?"

Akanishangaa. "Si mshenga anatakiwa awe mtu ambaye nyumba yake haijawahi kutikisika? Nilihesabu kijiji chote, dada. Nikawaona nyinyi."

Nikaketi.

"Alikuwa amekaribia kukubali," akasema. "Halafu akaota vibaya."

Nilimwambia asinyanyuke pale hata nyumba ikiungua. Nikachukua daftari kwenye sanduku la mchele, nikapanda baiskeli. Nusu ya njia ndipo nilipogundua mchi bado nimeushika.

Phikun alinifungulia mlango, macho yamevimba, akautazama mchi. "Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kupigwa. Ile ndoto nilikudanganya."

"Ipi?"

"Ya kidole. Ilikuwa njema kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilisema vibaya makusudi. Nilidhani mtu mwenyewe ni Khamsing."

Hakuelewa. Au alielewa akaona haiwezekani. "Sasa hivi nitaamini lipi? La siku ile au la leo?"

Nilijua atauliza hivyo. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo. Nikampa daftari. Nilimwambia afungue tarehe kumi na mbili Septemba, asome hapo tu. Lakini Phikun si mtu wa kusoma hapo tu. Alianza mwanzo, amesimama, na mimi nikasimama mbele yake kama mtoto aliyeiba, nikitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Miguu ya korongo?" akauliza.

"Ndiyo."

Akafunua ukurasa. Kisha mwingine. Alipofika kwenye ndoto yangu na ule mtungi wa maji alisoma polepole. Alipofika kwenye tafsiri mbili, akazisoma kwa sauti, ya uongo na ya kweli.

"Kaka Khamsing," akasema. "Dada, katika wanaume wote wa dunia hii, mimi nimtamani kaka Khamsing? Yule mzee anakoroma hata akiwa macho!"

"Si mbaya kiasi hicho," nikasema. Sikujizuia.

Alitaka kucheka, uso ukageuka kilio. "Umeniliza wiki tatu. Nilikuita dada. Nilikuja kwako kwa sababu mama yangu mwenyewe alisema, nenda kwa Lamduan, yeye hasemi uongo."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sijui. Lakini basi ni la saa nane, na yuko kibandani kwangu anakula pilipili kumi."

Akatoka na baiskeli yangu, daftari ndani ya kifua cha gauni lake, mvua ikimpiga. Miguu ile ya korongo ilikanyaga pedali sijapata kuona. Mimi nilirudi kwa miguu na mchi wangu. Nilipofika kibandani bakuli lilikuwa tupu, begi lipo, wao hawapo.

Khamsing nilimwambia mwenyewe jioni ile, kabla hajaambiwa na mtu. Nilimwambia yote isipokuwa ndoto yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka ishirini na miwili, Lamduan," akasema.

Akachukua mkeka wake, akautandika barazani.

Daftari ameniletea mama yake Phikun, limefungwa kwa kitambaa. Pembeni ya tarehe 21 Julai kuna mwandiko usio wangu: Nywele ni mtindo.

17 Oktoba

Phansa imekwisha. Watu wameelesha mtoni vipande vya mgomba vyenye mishumaa. Kibandani wamekuja wateja wawili tu wa ndoto, na wote wawili waliniuliza kwanza kama leo nimeamka vizuri. Mkeka bado uko barazani.

25 Oktoba

Mpunga umeanza kuinama. Tunazungumza: lete jembe, chukua chumvi.

3 Novemba

Phikun alikuja kibandani, mara ya kwanza tangu siku ile. Papai, pilipili tano. Akala lote ndipo akasema.

"Harusi ni tarehe tisa. Kitanda chetu mtakitandika wewe na kaka."

"Tafuta wengine. Kazi hiyo ni ya watu wanaoelewana. Yeye analala barazani."

"Najua anakolala. Kijiji kizima kinajua, kibanda chako si ndiyo redio?" Akafuta mdomo. "Bunthan hataki wengine. Na mimi nataka wewe ulale humo kwanza, uhakikishe hakuna nyoka."

Sikujua kama ni msamaha au ni adhabu. Nadhani hata yeye hakujua.

9 Novemba

Wameoana.

Saa nane mchana tuliitwa chumbani kutandika kitanda. Tukatandaza godoro, shuka, mito miwili, ufuta na mpunga ndani ya bakuli. Kisha, kama desturi, tukalala sisi kwanza, mimi na Khamsing, macho tumefumba, jamaa wote wamejazana mlangoni wanatutazama. Ilikuwa siku ya thelathini na nne tangu nilale karibu naye. Alinuka sabuni na ng'ombe. Sikuthubutu kusogeza kiwiko.

Nang Thip akawika kama jogoo. Hiyo ndiyo ishara, mume anaamka, anasimulia ndoto njema aliyoota kwenye kitanda hicho, na mke anaitafsiri iwe baraka ya maharusi. Kila mtu huota tembo mweupe au ghala limejaa. Nilikuwa nimeiandaa tafsiri ya tembo tangu jana.

Khamsing akaketi, akakohoa.

"Nimeota nyoka," akasema.

Phikun aliacha kutafuna.

"Mweusi, ana pete za manjano. Alishuka ngazi ya nyumba yangu, akapita mtungi wa maji, akapita ng'ombe, akaenda kupanda ngazi ya jirani. Mdomoni kabeba kifungo cha shati. Nyuma kuna mtu anamwita kwa jina, naye hakugeuka." Akanigeukia mimi. "Nitafsirie, mke wangu."

Nilimtupia Phikun jicho, akatikisa kichwa, si yeye aliyemwambia. Basi Khamsing alisikia. Siku ile ya mtungi, na mvua yote ile juu ya bati, alisikia kila neno. Alijua tangu Agosti ninachokiogopa, akanyamaza kwa ajili ya kiapo cha mtu mwingine, huku ananitazama nikikonda kwa wivu. Nilitaka kumrushia mto. Nilitaka kulia. Nilifanya kimoja tu, nilikumbuka kanuni. Ndoto yangu siwezi kuitafsiri. Lakini hii sasa ni yake, ameisimulia yeye mbele ya watu.

"Nyoka huyo si mwenza wa mtu," nikasema. "Ni mshenga. Kifungo alichobeba ni neno la mtu mwenye aibu. Hakugeuka alipoitwa kwa sababu alikuwa ameapishwa. Wenye kitanda hiki watapata nyumba isiyo na kiapo cha kufichana, na watazaa, na watazeeka pamoja." Nikamtazama Khamsing. "Na yule aliyekuwa anaita nyuma alikuwa mpumbavu."

"Hilo la mwisho halimo kwenye ndoto," Khamsing akasema.

"Limo kwenye tafsiri."

Phikun ndiye aliyeanza kucheka. Nina hakika watawa wamekisikia kicheko chake. Bunthan naye akacheka, meno yote nje, sijawahi kuyaona. Thip alikuwa anamuuliza kila mtu, "Kifungo gani? Kifungo gani?" na hakuna aliyemjibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwamo kweli.

10 Novemba

Asubuhi nimekuta mkeka wa barazani umekunjwa na kuegemezwa ukutani.

Khamsing alikuwa amekaa kwenye ngazi kifua wazi, shati la harusi magotini. Akaninyooshea. Kifungo cha tatu kutoka juu hakipo.

"Hiki kimekatika chenyewe," akasema.

Nimekitafuta mpaka nimekipata uvunguni, karibu na ng'ombe. Nimekishona kwa uzi wa msalaba kama anavyoshona Phikun, maana ukweli ni kwamba unashika zaidi.